Siku Niliyotafuna Kahawa ya Makumbusho

Jambo hili nimelificha mwaka mzima na ushee, na nisingelisema hata leo kama si Jovina kulisimulia kwenye kwaya yake, na kwaya ile ikishajua kitu basi Bukoba nzima imejua mpaka visiwani, kwa hiyo nimeona heri mlisikie kwangu mimi niliyelitafuna kuliko kwa watu waliokuwa wamekaa wakiangalia. Niliaibika. Na sisemi aibu ile ndogo ya kujikwaa kanisani wakati wa kutoa sadaka, nasema niliaibika mbele ya watoto arobaini wa darasa la sita, mwalimu wao, bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, na mwanawe ambaye tangu mwanzo alikuwa anatafuta sababu ya kutucheka, na sababu nikampa mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia, nikiwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

Mnanijua. Nafundisha historia sekondari, ila moyo wangu wote uko kwenye jumuiya yetu ya kutunza mambo ya kale, ambayo mimi ni katibu wake (na siku nyingine mfagiaji na mlinzi wake, maana tukiitisha kikao tunakuja watatu na mmoja anawahi kuondoka). Tuna makumbusho yetu madogo Kemondo, ndani ya ghala la zamani la kahawa. Tuna mikuki, ngoma mbili, vibuyu, mtumbwi uliotoboka, na fahari yetu kubwa ni msonge tuliojenga katikati ya ghala, ile nyumba ya nyasi ya mviringo waliyokuwa wakiishi babu zetu, isipokuwa wetu ni wa maonyesho, mdogo, na upande mmoja tumeuacha wazi ili wanafunzi waone ndani. Kila Alhamisi tunapokea shule moja, tunawafundisha kwa vitendo, watoto wanakaa chini kwenye nyasi tulizotandika, wanaona mafiga, wanaona kigoda, wanaona mahali mgeni anapokaa.

Na mahali mgeni anapokaa, kama mnavyojua, hapakosi emwani, kahawa yetu ya kutafuna. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya kahawa ndiyo inayotangulia, kabla hajaulizwa ametoka wapi na amefuata nini, analetewa kikapu kidogo, anachukua punje mbili tatu, anatafuna, ndipo maneno yanaanza. Kwa hiyo msonge wetu nao ulikuwa na kikapu cha kahawa, na hapo ndipo matatizo yangu yalipozaliwa, kwa sababu kikapu kile kilikuwa hakikai na kahawa. Darasa linaingia kikapu kimejaa, darasa linatoka kikapu kitupu. Mtoto wa kwetu ukimwambia hiki ni kitu cha kale haoni ukale wowote, anaona kahawa. Nikaweka kibao cha kukataza, wakawa wanatafuna huku wanakisoma. Nikafunga kamba, wakapita chini yake. Siku moja nilimkuta mwalimu mkuu mzima (simtaji, tunasali pamoja) shavu limemvimba, nikamuuliza vipi, akaniambia ni jino.

Sasa mchana mmoja nilikuwa peke yangu ghalani napaka vanishi mabenchi ya wanafunzi, nikamaliza, kopo likabaki na vanishi ya kutosha, nikatazama kopo, nikatazama kikapu. Nawaambieni, shetani hatumii nguvu nyingi kwa mtu kama mimi. Nikazipaka zile kahawa mara moja, nikaona zinapendeza, nikapaka mara ya pili, halafu nikaona nisibakize, nikamwaga kilichobaki chote. Kesho yake zilikuwa zimekauka, zinang'aa, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na zimeshikana na kikapu. Alhamisi iliyofuata haikupotea hata moja. Kijana mmoja alijaribu, akaondoka anajinyonya kidole. Nikajiona nimevumbua kitu, nikawa napita pale najisemea kimoyomoyo kwamba kama taifa lingekuwa na watu kumi wa akili hizi tungekuwa mbali. Sikumwambia mtu, kwa sababu kanuni za jumuiya zinasema kitu cha makumbusho kisibadilishwe chochote bila kikao kukubali, na kanuni hizo nimeziandika mimi.

Ngoja niwaeleze habari ya Ma Verdiana, maana bila yeye hii ingebaki kuwa hadithi ya kikapu tu.

Ma Verdiana anakaa Izigo, na kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, kuna msonge wa kweli, mkubwa, uliojengwa na baba mkwe wake, wa mwisho kabisa tunaoujua kwa pande zile ambao mtu bado analala ndani. Mwanawe Deusdedit ni mjenzi, anajenga majumba Mwanza, na alikuwa anataka kuubomoa amjengee mama yake nyumba ya matofali na bati la rangi. Na msimwone Deusi mbaya, mimi nilimwona mbaya muda mrefu na nilikosea, mtu alichotaka ni mama yake asinyeshewe. Sisi tulikuwa tunamwomba bibi atuachie msonge tuutunze, tuutengeneze, yeye aendelee kuishi humo na siku moja moja tulete wanafunzi. Tulimwomba mwaka mzima. Alikuwa hasemi ndiyo wala hapana, anatupa ndizi tunarudi nazo. Mwisho akasema, "Nitakuja huko kwenu kwanza, nione mnavyokaa na vitu vya watu. Nikishaona nitasema." Na Deusi akanishika mkono pembeni akaniambia, "Mwalimu, tusisumbuane. Mama akikubali, mimi sitatia neno. Akikataa, Jumatatu naleta watu wa kubomoa."

Kwa hiyo mnaelewa Alhamisi ile ilikuwa imebeba nini. Nyumba nzima.

Jovina ndiye tunayefundisha naye pale makumbusho, mama mchapakazi, na ndiye aliyepanga kila kitu. Tungemkaribisha Ma Verdiana ndani ya msonge wetu wa maonyesho mbele ya darasa, Jovina awe mama wa nyumba, mimi niwe mwenye nyumba, bibi awe mgeni, watoto wajifunze jinsi mgeni anavyopokelewa. Akanipa kazi moja tu. "Katibu, wewe unakaa mjini. Pitia sokoni ulete kahawa mpya ya kutafuna." Kazi moja. Mtoto wa chekechea angeiweza.

Asubuhi ile niliamka mapema kabisa, lakini muda wangu wote uliishia kwenye kanzu. Niliipiga pasi, nikaivaa, nikajitazama, nikaona bega moja limekunjamana, nikaivua, nikaipiga tena (wanatusema nchi nzima kwamba Wahaya tunapenda kujisikia, na siku ile mimi nilikuwa nakusanya ushahidi wao). Bodaboda ilivyokuja nimeshachelewa. Tukapita sokoni, na kahawa niliziona, sitawadanganya, niliwaona akina mama wamezipanga mafungu mafungu, ilikuwa ni kusema tu "simama hapo kidogo," na sikusema. Nikajiambia kwamba hili ni igizo, na kwenye igizo mtu anakunywa kikombe kitupu na watu wanaelewa, sasa nani atakula kweli? Kikapu kipo, kinang'aa, Jovina atakinyoosha, bibi atagusa kidogo, maisha yataendelea. Tukiwa njiani Jovina akapiga simu.

"Kahawa ipo?"

"Ipo," nikamjibu.

Tena kwa sauti ya mtu anayeona anasumbuliwa. Na mkiangalia vizuri sikudanganya, maana ilikuwepo kweli, ilikuwepo pale tangu miezi miwili nyuma.

Ma Verdiana alikuja na gari la Deusi, amevaa gauni lake la kanisani na khanga mbili, anatembea taratibu lakini macho yake hayatulii. Alikuwa hatazami vitu kwa mbali kama wageni wengine. Ngoma aliigonga kwa kidole akaitegea sikio, mkuki akaupima uzito, kibuyu akakinusa. Mimi nyuma yake, mikono mgongoni, nazungumza. Mungu wangu, nilivyozungumza. Nikamwambia kwa heshima zote, na darasa zima likisikia, "Hapa kwetu, waitu, hatuongezi kitu wala hatupunguzi. Kila kitu kiko vilevile wazee walivyokiacha." Alipofika kwenye msonge akachomoa jani moja la nyasi, akalinusa.

"Hizi hazina moshi," akasema.

"Moto hatuwashi humu, Ma. Ghala linaweza kuungua."

"Mm," akasema, na ile "mm" ilinichoma kidogo, maana nyasi zisizopigwa moshi zinaliwa na wadudu, hilo hata mimi nafundisha.

Tukaingia. Watoto wamekaa nusu duara, Deusi amesimama kwenye mlango wa kuigiza na simu yake mkononi, mimi nikaketi kwenye kigoda cha mwenye nyumba na kuanza somo. Nikawaeleza watoto kwamba kwetu mgeni hapewi kitu cha kuweka mdomoni mpaka mwenye nyumba akionje yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, iwe lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, iwe kahawa, ili mgeni ajue ni salama na moyo wa mwenyeji ni safi. Nikauliza, "Nani anaonja kwanza?" Watoto arobaini wakajibu kwa sauti moja, "Mwenye nyumba." Nikawaambia warudie. Wakarudia. (Mnaona mtu anavyojichimbia shimo na kupima urefu wake aenee vizuri.)

Jovina akapiga magoti, akakichukua kikapu kwa mikono miwili, akamnyooshea bibi. Aliniambia baadaye kwamba alishangaa uzito wake lakini akadhani nimejaza sana kahawa mpya, akanisifu moyoni. Ma Verdiana hakunyoosha mkono. Alikaa ametulia, mikono mapajani, ananitazama mimi. Na darasa likageuka likanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimelifundisha vizuri.

Jovina akanisogezea kikapu. Nikafanya kama watu wa maigizo, nikapeleka vidole kwenye kikapu, nikavirudisha mdomoni vitupu, nikatafuna hewa, nikatikisa kichwa kwa raha.

"Mwanangu," Ma Verdiana akasema, "hujachukua."

Watoto wakacheka, kicheko kizuri tu cha kitoto, lakini kilinitoa jasho. Nikapeleka mkono tena. Nikashika punje moja, nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena, kikapu kikaja na Jovina akaja nacho, maana alikuwa amekishika kwa heshima zote, akanitazama kwa mshangao, akakivuta upande wake. Tukavutana kidogo pale, mama wa nyumba na baba wa nyumba, kama tunagombania mirathi. Mwisho pakasikika mlio wa "ka," zikang'oka mbili kwa pamoja zimegandana, na mimi, badala ya kufungua mdomo nikasema maneno manne tu ya kweli, nikaufungua nikaziweka ndani.

Vanishi iliyokauka ina ladha ya kitanda kipya. Kwanza haina ladha kabisa, unatafuna kitu kinachovunjika vipande vyenye ncha, halafu inakuja ile harufu ya karakana, inapanda puani, inakaa. Machozi yakanitoka jicho la kushoto peke yake. Ma Verdiana ananitazama. Deusi ananitazama. Nikajikaza kisabuni, nikameza.

"Nzuri," nikasema.

"Haya," bibi akasema, akaridhika, akanyoosha mkono wake mwembamba kwenye kikapu.

Sasa hapo niwaulize nyinyi wenye akili, mngefanya nini? Najua, mngesema. Sentensi moja, "Ma, usile, nimezipaka vanishi," ikaisha. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja na nimeshasema nzuri, na kwetu mtu akionja akasema nzuri halafu akamzuia mgeni asile, mnajua vizuri watu wanafikiria sumu, na neno hilo likishatoka halirudi, ukoo mzima unakaa nalo. Kwa hiyo nikatafuta njia ya kumzuia bila kumzuia, nikasema, "Subiri, hizi zimekauka mno," nikakinyakua kikapu. Jovina hakukiachia. Kikaponyoka mikononi mwetu wote wawili, kikaruka, kikagonga nguzo, kikaanguka kifudifudi katikati ya darasa, kimya.

Watoto wa mbele wakajitupa kuokota kahawa. Wakapapasa nyasi. Hakuna. Mmoja akakiinua kikapu, akakigeuza, zote zimo, zimepangana vilevile, zinang'aa, isipokuwa lile pengo dogo la zile mbili zilizokuwa tumboni kwangu. Msichana mmoja mwenye sauti nyembamba akanyoosha mkono kabisa kama wako darasani, akauliza, "Mwalimu, kahawa za kale hazimwagiki?"

Na mwalimu wao, mtu mwema aliyekuwa anataka kunisaidia, akasema, "Watoto, hiyo ni teknolojia ya wahenga." Mpaka leo nikikutana naye tunapishana macho chini.

Deusi akaja akakichukua kile kikapu. Akakitikisa. Akakipeleka puani. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu ni mjenzi, kazi yake ndiyo hii.

"Hii vanishi," akasema polepole. "Vanishi ya mbao." Akanigeukia. "Mwalimu, umekula vanishi?"

"Kidogo," nikasema, ila ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito na ikatoka kama mtu aliyeng'olewa jino.

Jovina akaketi chini pale pale alipokuwa amepiga magoti, akajifunika uso kwa khanga, nikadhani analia, nikamwonea huruma, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko. Watoto wakapata ruhusa, darasa zima likalipuka, na mimi niko kwenye kigoda cha mwenye nyumba, kanzu nyeupe, nafikiria nyumba ya watu inavyobomolewa Jumatatu kwa ajili ya kopo moja la vanishi na pasi ya kanzu. Sikuwa nacheka. Niliumia jamani, kwa sababu nyumba ile naipenda, niliwahi kulala humo siku moja ya mvua na nikasikia mvua inavyopiga nyasi, haipigi kama bati, na nilijua nikiwa nimekaa pale kwamba watoto hawa hawataisikia na sababu ni mimi.

Wakanipeleka zahanati kwa gari la Deusi. Nilitamani twende na bodaboda lakini Ma Verdiana alikataa, akakaa kiti cha nyuma pamoja nami kama mtu anayempeleka mgonjwa wake. Nesi akatoa daftari.

"Umekula nini?"

"Kahawa."

"Kahawa ya namna gani?"

"Ya makumbusho."

Akaweka kalamu chini. Deusi akamweleza vizuri, na sitasema nesi alicheka, alikuwa na adabu za kazi yake, ila alikwenda chumba cha pili kutafuta kitu ambacho hakukileta. Nikaambiwa nisukutue, ninywe maji, nikae kwenye benchi mchana kutwa waniangalie. Nikakaa. Ma Verdiana akaja akakaa pembeni yangu, na kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza tena nikamweleza yote, wizi wa kahawa, kopo, soko nililolipita, simu ya Jovina, kanzu. Alisikiliza bila kunikatisha.

"Kwa nini hukusema, wakati mkono wangu uko kwenye kikapu?"

"Niliona aibu, Ma."

"Ukaona heri ufe."

"Sikufikiri nitakufa. Nilifikiri zitapita."

Hapo ndipo aliponicheka, kicheko cha bibi, cha kushika ubavu, mpaka akatoa khanga ya juu akafuta macho. Nikapata tumaini kidogo. Halafu akasimama, akasema neno moja tu kabla hajaondoka. "Kesho uje nyumbani. Hiyo kanzu iache."

Msiniulize nilivyokaa mpaka kesho. Jovina hakunipigia simu ya kunifariji, alinipigia kuniuliza kama meza yake ya sebuleni naweza kuipaka nikiwa na nafasi. (Na kile kikapu tumekiacha palepale. Kikao kilikaa, tukawa watatu kweli, na wakaamua kiandikiwe kibao kipya, ambacho Jovina alikiandika kwa mkono wake: "Kahawa iliyopakwa vanishi na katibu. Isiliwe. Imeshaliwa mara moja." Sasa hivi ndicho kitu kinachotazamwa kuliko vyote, hata ngoma zimeonewa.)

Ijumaa nikaenda Izigo, shati la kawaida, ulimi bado unakwaruza. Nikamkuta Deusi ameshatangulia, ana futi yake ya kupimia, anazunguka msonge. Roho ikaniuma nikajua ndiyo anapima msingi wa nyumba mpya. Ma Verdiana akanionyesha mahali pa kukaa ndani, moto unawaka katikati, moshi unatafuta njia kwenye nyasi, na yeye hakuzungusha maneno.

"Nyumba yangu unaionaje?"

Jamani, swali hilo nilikuwa nalijibu mwaka mzima. Nilikuwa na hotuba yake, nzuri, ya urithi na kizazi kijacho na fahari ya kabila, niliwahi kuitoa mbele ya afisa utamaduni akaiandika. Nikafungua mdomo niitoe. Ikagoma. Nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza nikaitazama ile nyumba kama ninavyotazama madaftari ya wanafunzi, siyo kama ninavyotazama picha ya arusi.

"Inavuja, Ma," nikasema. "Upande ule mvua inakotokea, nyasi zimeoza mpaka ndani, ukishika zinakuja na mkono. Nguzo mbili za nyuma zimeliwa, ile ya tatu sina hakika nayo. Na sisi jumuiya, nilikuwa nakwambia tuna mafundi. Tuna mzee mmoja tu anayejua kuezeka msonge, na magoti yanamsumbua, wengine inabidi tujifunze kwake tukiwa tunafanya. Tunaweza kukosea. Mwaka mzima nimekwambia tunaweza, na ukweli ni kwamba sijui kama tunaweza. Ninajua tu kwamba tunataka."

Nikajua nimeimaliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, safari hii bila vanishi. Deusi alikuwa amesimama mlangoni, futi imening'inia mkononi.

"Nguzo zilizoliwa ni tatu," akasema. "Nimezipima sasa hivi. Lakini mwalimu amesema kweli, hata mimi ningekwambia hivyo hivyo, Mama."

Bibi akauchochea moto kwa kijiti, akachukua muda wake wote.

"Mwaka mzima huyu ananiambia nyumba yangu nzuri," akamwambia mwanawe, kama mimi sipo. "Mimi nalala ndani yake, maji yananidondokea mguuni, yeye ananiambia nzuri. Nikawa najiuliza, huyu atanitunzia nini?" Halafu akanigeukia. "Nyumba sijakupa. Usiende kuwaambia watu nimekupa. Anzeni na huo upande unaovuja, na huyo mzee wenu mje naye, aje akae kwenye kiti aelekeze, msimpandishe. Deusi atashika ngazi. Mkimaliza upande huo bila kuniangushia nyumba, tutaongea habari ya pili."

"Na Jumatatu?" nikamuuliza Deusi, kwa woga, tukiwa tumetoka nje.

"Jumatatu naleta watu, ndiyo," akasema. "Wa kukata nyasi."

Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyonipata, na Jovina akiwaongezea chumvi mjue kipimo chake ni hiki. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, vanishi siigusi tena, hata kitanda changu kikipauka kitapauka. La pili ni gumu zaidi kwa mtu wa kabila langu na wa kazi yangu, nalo ni kwamba nikiwa sina kitu nitasema sina, kabla mgeni hajanyoosha mkono. Bado nashindwa siku nyingine. Lakini mwaka ule nilikwenda Izigo kuomba nyumba nzima nikarudi nimepewa upande unaovuja, na nilitembea njia yote mpaka barabarani peke yangu katikati ya migomba nikicheka, maana katika maisha yangu sijawahi kupewa kitu kibovu nikashukuru namna ile.